Ruhusa ya Kunitazama Mdomoni

Nilikuwa mkali, na sikujificha. Wanafunzi wangu wa zamani nikikutana nao sokoni hunishika mkono na kusema, “Mwalimu, ulitunyoosha,” nami hucheka, maana mtu mzima akikusifia fimbo zako za zamani utafanya nini tena? Lakini yupo mmoja ambaye hajawahi kuniambia hivyo. Huyo hanijii sokoni. Hunijia nikiwa peke yangu, mchana kweupe, nimekaa nachambua maharage, nikahisi kuna mtu ameketi mbele yangu kainamisha macho, anangoja nimalize kusema. Nikiinua kichwa simwoni mtu, na maharage yenyewe nimeshachanganya mazuri na mabovu.

Miaka hiyo nilikuwa mkufunzi katika chuo kidogo cha ualimu wilayani Biharamulo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeshasimama, kila mtoto alitakiwa awe darasani, na walimu hawakutosha hata kidogo. Basi vijiji vyenyewe vilichagua vijana wao waliomaliza darasa la saba, vikatuletea, nasi tukawapika haraka haraka na kuwarudisha wakafundishe kwao. Mimi nilifundisha Kiswahili na mbinu za kufundisha, na nilikuwa mlezi wa darasa la wanafunzi arobaini na kitu.

Mwanzoni mwa mwaka ule uliokuja kuwa mwaka wa vita, tuliletewa waraka kutoka makao makuu. Ulikuwa wazi, na leo siwezi kujitetea kwamba haukueleweka. Ni wajibu wa mlezi wa darasa, si wa mkuu wa chuo wala wa mganga, kumtambua katika juma la kwanza kila mwanafunzi mwenye shida ya kuona, kusikia au kutembea. Amketishe panapomfaa, amwandikie asichoweza kusikia, amsomee asichoweza kuona, kisha ajaze fomu na kutia sahihi. Asiyetekeleza atajibu yeye mwenyewe. Mkuu wa chuo alitusomea waraka huo mara mbili, akagawa fomu.

Fomu yangu niliijaza wakati wa chai. Nilisimama mlangoni mwa darasa na kikombe mkononi, nikapitisha macho kama mtu anayeangalia mbuzi wake kama wametimia. Sikuona fimbo, sikuona jicho lililofunga, sikuona mguu uliokonda. Sikumwuliza mtu neno. Nikaandika “Hakuna”, nikatia sahihi, nikamalizia chai yangu ingali ya moto.

Katika dawati la tatu, upande wa dirishani, alikaa binti mmoja kutoka Nyarubungo. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa mrefu, msafi, mwandiko wake umenyooka, na alikuwa na tabia mbili zilizonikera tangu siku ya kwanza. Akijibu swali alipaza sauti kana kwamba mimi niko ng'ambo ya bonde. Na nikiongea alinikodolea macho. Hakutazama ubao wala daftari, alinitazama mimi, tena si machoni bali mdomoni, bila kupepesa, kama mtu anayenihesabu meno.

Mimi ni Mhangaza wa Mabawe, nimelelewa na bibi. Kwetu binti akizungumza na mkubwa hutazama chini. Anayekukazia macho usoni amekudharau, na bibi yangu hakuwa na maelezo marefu zaidi ya kofi. Nikajiambia, hawa watu wa ng'ombe ndivyo walivyo, wamezoea kuitana porini. Ulikuwa ujinga mtupu. Binti za Wasukuma hupiga magoti na kuinamisha macho kuliko hata sisi, na nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi gulioni Nyakahura. Ila mtu akishaamua kuchukia hatafuti ushahidi.

Juma la tatu uvumilivu ukaniishia. Nilikuwa katikati ya somo, nikaweka chaki chini, nikamwendea mpaka mbele ya dawati lake.

“Wewe! Kwenu hamfundishwi adabu? Unamkodolea mkubwa macho mdomoni kama unataka kumnyang'anya tonge?”

Darasa likaangua kicheko. Kwa kuwa nilikuwa nimemwelekea uso kwa uso, alilipata kila neno. Alitoka kwenye dawati, akapiga goti pale pale sakafuni, akasema kwa sauti yake ile kubwa, “Nisamehe, mwalimu. Sitarudia.”

Na kweli hakurudia. Tangu siku ile, nikianza tu kuongea, aliinamisha kichwa na kutazama mikono yake. Nilifurahi. Niliwaambia wenzangu katika chumba cha walimu kwamba ukali ni dawa, kwamba yule binti sasa amekuwa mtu. Alama zake zilianza kushuka juma lile lile. Mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha madaftari hayo, kwa mkono wangu huu, na pembeni nikaandika: “Uzembe.”

Kisha vita vikaja. Mapigano yenyewe yalikuwa mbali nasi, huko kaskazini kwenye mto, lakini barabara ilikuwa yetu. Malori ya askari yalipita mchana kutwa, vumbi likatua kwenye migomba mpaka ikawa rangi moja na ardhi. Walimu wetu wawili wanaume walichukuliwa, nikabaki na madarasa matatu. Nikawa nafundisha huku naandika, mgongo kwa wanafunzi, mdomo kwa ubao, ili muda utoshe. Hata kama yule binti angekaidi amri yangu na kunitazama, asingeona kitu ila kisogo changu.

Mshauri wa mgambo, aliyeletwa chuoni kutufundisha kujilinda, alituamuru tuchimbe handaki nyuma ya jiko. Rimu ya gurudumu la lori ikatundikwa mtini, na ikigongwa kwa haraka kila mtu alitakiwa aache alichoshika na kuingia chini. Tulifanya mazoezi karibu kila juma. Yule binti aliingia wa mwisho kila mara, baada ya kuona wenzake wanakimbia. Mara mbili hakuingia kabisa. Alikuwa bustanini, kayapa majengo mgongo, anapalilia mchicha, na rimu inagongwa mpaka sisi wengine tunaziba masikio. Alipewa adhabu ya kuchota maji mara zote mbili, na nilitia sahihi adhabu zote mbili kama mlezi wake. Leo nashangaa. Mtu gani mwenye akili anaona hayo yote na haulizi?

Siku moja, kama saa nne asubuhi, ndege ikapita kweli. Hatukujua ni ya nani na hakuna aliyengoja kujua. Rimu ikalia, tukajitupa handakini mmoja juu ya mwingine, mkuu wa chuo akamwangukia mpishi na hakuomba radhi. Nilipochungulia nikamwona yule binti kwenye kamba ya nguo, katikati ya uwanja mtupu, anaanika shuka nyeupe. Nguo nyeupe zilikuwa zimekatazwa kuanikwa nje mchana. Katazo hilo tulilitoa mstarini, kwa mdomo. Alikuwa anazinyoosha pembe moja moja, taratibu, kama mtu aliye kwao.

Mwenzake wa dawati alichomoka handakini. Mshauri wa mgambo alimfokea arudi, hakurudi. Alikimbia mpaka kwenye kamba, akamkumbatia mwenzake kiunoni, wakaanguka wote chini na shuka juu yao. Ndege ikaenda zake. Haikuangusha kitu.

“Yule ama ni mkaidi ama anamwonyesha adui chuo kilipo,” mshauri wa mgambo akasema, akijipangusa udongo. Wakati ule maneno kama hayo hayakuwa ya mchezo. Mkuu wa chuo akatangaza kikao cha nidhamu kesho yake, na wote tukajua kwamba linalojadiliwa ni kama yule binti atafukuzwa au atabaki apate cheti chake.

Alasiri ile mwenzake wa dawati alinifuata nyumbani. Alikuwa Msubi wa hapo hapo Biharamulo, mdogo wa umbo, mwoga, ambaye hakuwahi kuniambia zaidi ya shikamoo. Siku hiyo hata shikamoo aliisahau.

“Mwalimu, yule hasikii.”

“Hasikii la mtu, najua.”

“Hapana, mwalimu. Masikio. Hasikii.”

Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini. Akanieleza akiwa amesimama mlangoni, maneno yakimtoka kwa mkupuo. Yule binti alipokuwa na miaka kumi aliugua homa kali, akachomwa sindano nyingi, na alipopata nafuu masikio yalikuwa yamekufa. Alisikia ngoma, radi, na lori likiwa karibu, basi. Akajifunza kusoma midomo ya watu. Lakini mtoto wa kike kuwakazia macho wakubwa kule kwao ilikuwa aibu kama kwetu. Basi mama yake akazunguka kijiji kizima cha ujamaa, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba yenye mzee alipiga goti mlangoni akaomba: mwanangu hasikii, naomba umpe ruhusa akutazame mdomo unapoongea, asihesabiwe kwamba hana adabu. Wazee wote walimruhusu. Walitoa viko vyao midomoni walipotaka kuzungumza naye, na mmoja alipunguza masharubu yake kwa ajili hiyo.

“Kwa nini hakusema hapa?” nikamwuliza.

“Aliogopa mtamrudisha. Fomu ya kujiunga iliuliza kama mtu ana afya. Alisema akikaa karibu na kukutazama itatosha. Halafu ulipomkataza, akasema mkubwa akishakataza amekataza.” Akajifuta pua. “Mimi namwonyesha daftari langu, mwalimu, lakini mimi mwenyewe sielewi kila kitu.”

Nilimwahidi kwamba kikaoni nitasema. Nakumbuka nilimshika bega nilipomwahidi.

Alipoondoka nilikwenda ofisini nikatoa nakala ya fomu yangu. “Hakuna”, na sahihi yangu chini, yenye madoido. Mkuu wa chuo alikuwa ametuonya tangu vita vianze kwamba anayeandika uongo kwenye karatasi za serikali wakati huu ataitwa mhujumu. Hiyo ndiyo hofu niliyojipa, na ilikuwa hofu ya kweli, lakini haikuwa yote. Ningeweza kusimama nikasema nimegundua jana. Hakuna aliyekatazwa kugundua. Lakini wangeniuliza nilimwulizaje juma la kwanza, na wangewauliza wanafunzi, na wanafunzi wangewasimulia habari ya tonge. Mbele ya walimu niliojisifu kwao! Niliona aibu, na aibu ile ilinishinda nguvu kuliko hata hofu ya kuitwa mhujumu.

Kikaoni tulikuwa watano mezani na yeye kasimama mbele yetu, mikono nyuma, macho chini. Mshauri wa mgambo alieleza habari ya rimu na ya shuka, akamalizia, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Wawili wakatabasamu.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa haki, lazima niseme hivyo. Alifungua jalada.

“Kabla hatujaamua,” alisema, “upo waraka. Mlezi wa darasa, umeandika hapa kwamba darasani kwako hakuna mwenye shida ya kusikia wala ya kuona. Ni kweli?”

Vichwa vyote vikanigeukia. Yule binti aliviona vikigeuka, akajua zamu ni yangu, naye akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu nilipomkataza, alinitazama mdomoni. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na mwanga wa dirisha ulinipiga usoni. Najua alikuwa anaona vizuri. Najua pia kwamba alikuwa anatumaini, kwa sababu mwenzake alikuwa amemweleza ahadi yangu.

“Ni kweli,” nikasema.

Aliinamisha macho tena. Hakulia wala hakujitetea. Alifukuzwa kwa ukaidi wakati wa hatari, mwenzake akapewa onyo. Kabla ya saa sita alikuwa barabarani na sanduku lake la bati kichwani, anangoja lori linalokwenda kwao. Nilimtazama kwa dirisha la ofisi. Lori la kwanza lilipomjia kwa nyuma, dereva akapiga honi muda mrefu kabla yule binti hajageuka.

Tangu hapo darasa likaanza kunitisha. Wanafunzi walikuwa wamejifunza kwa mwenzao yaliyompata anayenitazama, na nikigeuka kutoka ubaoni nilikuta vichwa arobaini vimeinama. Nikisoma majina asubuhi nilifika kwenye nafasi yake nikaliita jina lake kabla sijakumbuka. Nyakati nyingine nilimwona kabisa, dirishani, dawati la tatu, na nilipokaza macho nikakuta ni daftari la mtu au kivuli cha mgomba. Mwenzake wa dawati akinikuta njiani alipiga goti, akainamisha macho, na mdomo hakufungua. Sikuwa na uso wa kumwambia anisalimie.

Nikaanza kutekeleza waraka. Kila nilichosema nilikiandika kwanza, nikageuka, nikakisema nikiwa nimewaelekea, polepole, mdomo wazi. Niliwauliza mmoja mmoja kama anaona, kama anasikia. Nikagundua mvulana ambaye jicho lake moja halikuwa linaona, alikuwa amekaa nyuma kabisa miezi yote ile, nikamleta mbele. Mkaguzi alipokuja alikaa mwisho wa darasa, akasikiliza, akaandika kwenye taarifa yake kwamba mlezi huyu anatimiza wajibu wake kikamilifu na wenzake waje wajifunze kwake. Niliisoma taarifa ile, nikairudisha jaladani kabla mtu hajanipongeza.

Vita vilipokwisha na malori yakarudi na askari wanaoimba, mkuu wetu wa chuo alihamishwa, akaja mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilikuwa nimechoka kuyatazama. Nikaingia ofisini kwake nikamweleza yote, tangu kikombe cha chai mpaka “ni kweli”. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniita mhujumu. Alinipa onyo la maandishi, karatasi moja, mistari sita, ikawekwa jaladani. Hilo ndilo nililokuwa nimeliogopa kiasi cha kumtoa mtoto wa watu. Kisha akaandika barua nyingine, kwamba yule binti alifukuzwa kimakosa na anakaribishwa kuanza upya muhula ujao, na akanipa mimi niipeleke.

Nilifika Nyarubungo adhuhuri. Mama yake alinipokea bila kunijua, akanipa kigoda, akanipa maziwa mgando kwa mikono miwili.

“Kalibu, mwalimu. Habali za safali?”

Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia nilichofanya. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa, na nadhani ningeshukuru. Mama yule akatazama uwanja wake, kisha akatikisa kichwa.

“Kosa ni langu,” alisema. “Hapa niliomba luhusa kijiji kizima. Huko chuoni sikufika kuomba.”

Nilijaribu kumwambia kwamba hakupaswa kuomba, kwamba ilikuwa imeandikwa, kwamba kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Alinijibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomjibu mgeni. Sidhani kama aliniamini. Mpaka leo neno lile la mama yule linaniuma kuliko onyo na kuliko kikao chenyewe.

Binti alirudi kutoka shambani na jembe begani. Alikuwa amekonda kidogo, mikono imekuwa migumu. Aliponiona alisimama, akaweka jembe chini, akapiga goti na kunisalimia, nami nikaitikia marahaba ambayo sikuistahili. Niliketi nikimwelekea, jua usoni mwangu makusudi, nikasema polepole kwamba nilimkosea, kwamba nilijua na nikasema uongo, kwamba naomba radhi. Alinitazama mdomoni tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nikampa barua. Akaisoma mara mbili.

“Mlezi wa darasa ni nani?” akauliza kwa sauti yake ile ile kubwa.

“Ni mimi.”

“Na Kiswahili?”

“Mimi pia. Lakini mambo yamebadilika, mwanangu. Sasa naandika kila kitu. Nageuka nikiongea. Utakaa mbele, utanitazama upendavyo, hakuna atakayekukataza.”

“Najua,” alisema. “Siku ile ya kikao nilikutazama.”

Hakusema kwa hasira. Aliikunja barua vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akiwa bado amepiga goti, kama mtoto aliyelelewa anavyompa kitu mkubwa wake. “Asante, mwalimu. Sitakuja.” Akachukua jembe lake akaliegemeza ukutani, akaenda kunawa. Mama yake alinisindikiza mpaka njia panda na kunibebea mkoba.

Nilikuwa nimefika Nyakahura, nimeketi kando ya barabara kati ya wauza ndizi nangoja lori la kurudi chuoni, ndipo liliponijia jambo ambalo mtu mwingine yeyote angeliwaza mapema. Aliniuliza mlezi ni nani. Aliniuliza Kiswahili anafundisha nani. Hakuniuliza kitu kingine. Ningeweza kumwambia nitaomba uhamisho, na ningeupata, kwa kuwa walimu tulitakiwa kila mahali. Nilitembea mwendo wote ule kumsihi anivumilie, na kuondoka mimi ili yeye arudi hakukunijia hata mara moja.

Njia ya Nyarubungo ilikuwa pale pale nyuma yangu, na jua lilikuwa bado juu, na barua ilikuwa mkobani. Lori likaja, utingo akaniuliza kama napanda. Nikapanda.